Kidonge Kimoja kwa Siku: Mkemia wa Prague na Watu wa Kalenga



Tukikaa kuzungumza historia ya kwetu, tunaanza na Mtwa Mkwawa, na ni haki. Tunaikumbuka ngome ya Lipuli iliyobomolewa na Wajerumani mwishoni mwa Oktoba 1894. Tunakumbuka miaka minne ya kuwindwa hadi Julai 1898, na fuvu lililorudishwa nyumbani mwaka 1954 ambalo wageni wanakuja kulitazama katika makumbusho yetu. Mwaka huu tumeona tuandike historia nyingine, ya karibu zaidi, ambayo haina kaburi wala mnara. Ni historia ya kidonge ambacho ndugu zetu wengi wanakimeza kila siku, na ya mtu aliyetumia maisha yake yote ya kazi katika maabara moja hadi kidonge hicho kikapatikana. Hakuwa Mhehe. Hata hivyo wapo watu Kalenga ambao leo wanalima, wanasomesha watoto na wanacheza na wajukuu kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Ni vizuri tumjue jina.

Alikuwa anaitwa Antonín Holý, mkemia wa Prague.

Miaka tuliyozika

Vijana wetu waliozaliwa baada ya 2005 wanasikia habari hizi kama hadithi, kwa hiyo tuziseme.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walithibitishwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baada ya hapo ugonjwa ulifuata barabara na watu. Kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na vituo ambako malori yanalala: Ilula, Mafinga, Makambako. Kuna mashamba ya chai na misitu ya mbao ya Mufindi, ambako vijana wanakwenda vibarua na kukaa miezi mingi mbali na nyumbani.

Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta mkoa wa Iringa una maambukizi ya asilimia 13.4 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Mbeya ilikuwa asilimia 13.5. Utafiti wa 2007 na 2008 ulikuta Iringa, ikiwa bado pamoja na Njombe, imefika asilimia 15.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania. Maana yake, katika kila watu sita wazima, mmoja hivi alikuwa na virusi.

Takwimu hizo zilikuwa na sura za watu. Kila ukoo una orodha yake. Walikufa walimu, madereva, wauguzi, mama wa watoto wadogo. Bibi wa miaka 70 alirudi kulea vitukuu kwa jembe la mkono. Watu walisema fulani "ana miwaya", wakashusha sauti. Ulanzi ukanywewa msibani wiki hadi wiki, na mafundi wa majeneza hawakukosa kazi.

Dawa zilikuwepo duniani, lakini hazikuwa zetu. AZT, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1964 kwa nia ya kutibu saratani, iliruhusiwa kutumika kwa UKIMWI mwaka 1987. Mwaka 1996 madaktari walithibitisha kwamba dawa tatu zikitolewa pamoja zinamrudisha mgonjwa kutoka kitandani. Bei ya dawa hizo tatu katika nchi tajiri ilikuwa kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa mkulima wa mahindi wa Kalenga hiyo haikuwa bei. Ilikuwa njia nyingine ya kumwambia kwamba dawa hakuna.

Kijana wa maabara ya serikali

Holý alizaliwa Prague tarehe 1 Septemba 1936, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Charles kilichopo mji huo huo. Mwaka 1960 aliingia Taasisi ya Kemia Ogani na Biokemia, iliyokuwa chini ya Chuo cha Sayansi cha serikali. Hakuhama tena. Alianza kama mwanafunzi wa utafiti, akapanda ngazi, na kati ya 1994 na 2002 akawa mkurugenzi wa taasisi hiyo.

Kemia ogani ni elimu ya vitu vilivyojengwa kwa kaboni: sukari, mafuta, pombe, plastiki, dawa, na miili yetu wenyewe. Usanisi, yaani ile kazi ya kuunganisha vitu vidogo kupata kitu kipya, ni sehemu ya kemia hiyo inayofanana sana na ufundi. Mkemia wa usanisi ana mpango kichwani wa molekuli anayoitaka. Anachukua vitu vinavyopatikana, anavichanganya, anavipasha moto au kuvipoza, anachuja, anasafisha, anapima. Mara nyingi anachopata sicho. Anaanza tena. Huenda molekuli moja ikamchukua miezi. Akishaipata, haijui kama itafaa kwa lolote. Anaiweka katika kichupa, anaandika namba, anaendelea na nyingine.

Holý alichagua kufanya kazi na vijenzi vya vinasaba. Kila kiumbe hai, na kila kirusi, kina maelekezo yake ya kuishi yaliyoandikwa katika uzi mrefu sana wa DNA au RNA. Uzi huo umeundwa kwa vijenzi vidogo vya aina chache vinavyofuatana kama shanga. Wazo la Holý na la wengine wa wakati wake lilikuwa hili: ukitengeneza shanga bandia inayofanana sana na ya kweli, kirusi kitaiokota kwa makosa na kujikwamisha.

Wazo ni jepesi kulisema. Kulitekeleza kulichukua zaidi ya miaka 25.

Vichupa katika posta

Mkemia anaweza kutengeneza molekuli lakini asiwe na virusi vya kuijaribia. Mwaka 1976 Holý alikwenda Göttingen, Ujerumani, kwenye mkutano wa wanasayansi. Huko alikutana na daktari wa Ubelgiji, Erik De Clercq, wa Taasisi ya Rega katika mji wa Leuven. De Clercq alikuwa na virusi na njia za kupimia. Holý alikuwa na vichupa vyake.

Kumbukeni zama zenyewe. Ulaya ilikuwa imegawanyika. Prague ilikuwa upande wa Mashariki chini ya utawala wa kikomunisti, Ubelgiji upande wa Magharibi. Mtu wa Prague hakuwa akifunga safari kwenda Leuven kama sisi tunavyokwenda Iringa mjini. Lakini unga mweupe kidogo ndani ya bahasha uliweza kupita. Holý alituma, De Clercq akapima, akarudisha majibu: hii haina kitu, hii ina kitu kidogo, jaribu kubadilisha pale. Ushirikiano huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 30.

Matunda ya kwanza yalitangazwa mwaka 1978: molekuli iliyozuia aina kadhaa za virusi, ambayo baadaye Chekoslovakia iliitumia kama dawa ya kupaka ya hepesi. Haikuwa kubwa, lakini ilionyesha kwamba njia inapitika. Mwaka 1986 walitangaza kundi jipya kabisa la molekuli, na hapo ndipo kampuni za Marekani zilipoanza kubisha hodi. Mkemia mmoja wa huko, John Martin, aliamini kazi hiyo. Kampuni yake ilipopunguza hamu, alihamia kampuni changa iitwayo Gilead mwaka 1990 na kuhakikisha kwamba haki za kuziendeleza molekuli za Prague zinamfuata.

Shanga yenye tundu moja

Tueleze kwa ufupi walichokigundua, maana kila anayemeza kidonge ana haki ya kujua kinafanya nini mwilini.

Kirusi cha UKIMWI kikiingia ndani ya seli ya damu, kinabeba maelekezo yake katika uzi wa RNA. Ili kiweze kuitawala seli, lazima kiunakili uzi huo uwe DNA. Kina kimeng'enya chake maalumu cha kazi hiyo. Kimeng'enya kinaokota shanga moja moja kutoka ndani ya seli na kuzitunga. Kila shanga ya kweli ina tundu pande zote mbili: upande mmoja inashikana na iliyotangulia, upande wa pili inaipokea inayofuata.

Shanga ya Holý ina tundu upande mmoja tu. Kimeng'enya kinaiokota, kinaitunga, kisha hakiwezi kuongeza nyingine. Uzi unakatikia hapo. Kirusi hakijafa, ila kimekwama. Ndiyo maana kliniki zinaziita dawa za kufubaza, haziitwi dawa za kuponya. Na ndiyo maana zinamezwa kila siku: siku shanga bandia zikipungua mwilini, kirusi kinapata nafasi ya kutunga uzi mzima.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Shanga ya kweli ina sehemu tatu: besi, pete ya sukari, na fosfeti. Dawa nyingi za zamani zilimezwa bila fosfeti, zikitegemea mwili uiongeze wenyewe hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza mara nyingi ilikuwa nzito. Na ukimpa mtu shanga yenye fosfeti ya kawaida, vimeng'enya vya mwili vinaikata kabla haijafika. Holý aliiondoa pete ya sukari na kuweka mnyororo mfupi wa kaboni. Kisha akaifunga fosforasi kwa kiungo cha kaboni ambacho vimeng'enya vya mwili haviwezi kukikata. Dawa ikawa tayari imeruka ile hatua ya kwanza, na ikakaa ndani ya seli kwa muda mrefu. Kukaa huko kwa muda mrefu ndiko kunakoruhusu kumeza mara moja tu kwa siku.

Kaboni moja ya ziada

Kutoka kundi hilo zilitoka dawa tatu. Ya kwanza, cidofovir, iliruhusiwa mwaka 1996 kutibu maambukizi ya macho yaliyokuwa yakiwapofusha wagonjwa wa UKIMWI. Ya pili iliitwa adefovir. Watu waliiwekea matumaini makubwa dhidi ya VVU, lakini kwa kipimo kilichohitajika iliumiza figo, na mwaka 1999 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani waliikataa. Mwaka 2002 iliruhusiwa kwa kipimo kidogo kutibu homa ya ini aina ya B.

Wakati adefovir inakwama, molekuli ya tatu ilikuwa imeshatengenezwa. Nguvu yake dhidi ya VVU ilitangazwa mwaka 1993. Ukiichora karatasini kando ya adefovir, utatafuta tofauti mpaka uchoke. Ni kaboni moja na hidrojeni zake tu zilizoongezwa kwenye ule mnyororo mfupi. Tena molekuli hiyo ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na moja tu kati ya hayo ndilo lenye nguvu ya kutosha. Mkemia alipaswa kujua kutengeneza lile lililo sahihi peke yake. Jina lake ni tenofovir.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba nyani waliopewa dawa hiyo kabla ya kuwekewa kirusi cha jamii ya VVU, au ndani ya saa 24 baada yake, hawakuambukizwa. Bado kulikuwa na kikwazo: ikimezwa haikupenya vizuri kwenye utumbo. Wakemia wa Gilead waliifunika kwa vipande viwili vya kemikali ambavyo vinavuka nayo ukuta wa utumbo kisha vinaachia. Tarehe 26 Oktoba 2001 tenofovir iliruhusiwa kutibu VVU. Holý alikuwa na miaka 65. Alikuwa ameingia maabara akiwa na miaka 24.

Kutoka huko hadi kwetu

Kuruhusiwa Marekani hakukuwa kufika Kalenga. Hapa anaingia mkemia mwingine aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1936, Yusuf Hamied wa India. Yeye alisomea kemia ogani Cambridge kwa Alexander Todd, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1957 kwa kazi yake juu ya vijenzi hivi hivi vya vinasaba. Hamied alirudi Bombay mwaka 1960 kufanya kazi katika kampuni iliyoanzishwa na baba yake, Cipla. Sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengenezea dawa, haikuilinda dawa yenyewe. Kwa hiyo mkemia hodari aliyepata njia yake mwenyewe aliweza kuitengeneza. Februari 2001 Hamied alitangaza kwamba atatoa mchanganyiko wa dawa tatu kwa madaktari wa misaada kwa dola 350 kwa mtu kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Ukuta wa bei ukapasuka.

Oktoba 2004 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa bure. Kidonge cha kwanza ambacho wengi wetu walikipata kilichanganya stavudine, lamivudine na nevirapine. Kiliwainua watu kutoka kwenye mkeka, hilo halina ubishi. Lakini waliokimeza wanakumbuka pia gharama yake: miguu kuwaka moto usiku, mashavu kubonyea, mikono na miguu kukonda huku tumbo likikua. Wapo walioacha dawa kwa sababu uso wao uliwatangaza. Mtaani watu walijua kumtambua "mtu wa dawa" kwa mashavu tu. Chanzo kilikuwa stavudine, na mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiondoe na kuweka nyingine, tenofovir ikiwa mojawapo.

Afrika Mashariki ilikuwa imechangia kulijua hilo. Utafiti uitwao DART, ulioanza 2003 Uganda na Zimbabwe, uliwafuatilia watu 3,316, wengi wao wakitumia mchanganyiko wenye tenofovir. Ulitaka kujua kama dawa hizi zinaweza kutolewa salama mahali pasipo na vipimo vya maabara vya mara kwa mara. Baada ya miaka mitano, katika kundi lililopata vipimo hivyo, watu 90 katika kila 100 walikuwa hai. Katika kundi lililotegemea macho na masikio ya wahudumu walikuwa 87. Kwa mikoa kama yetu lilikuwa jibu kubwa: hakuna sababu ya kumnyima mtu dawa eti hospitali yake haina mashine.

Bei nayo iliendelea kushuka. Mwaka 2006 Gilead iliruhusu viwanda vya India kutengeneza tenofovir kwa ajili ya nchi maskini. Mwaka 2009 ofisi ya hataza ya India ilikataa kuipa Gilead hataza ya kidonge chenyewe. Mwaka 2017 ilitangazwa bei ya dola 75 kwa mwaka kwa kidonge kipya kinachounganisha tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mwaka 2023 bei hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 45. Linganisheni na dola 10,000 za mwaka 2000.

Kidonge hicho ndicho kilichoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, na ndicho kinachotolewa leo kliniki za CTC. Anayekitumia achukue chupa yake asome ubavuni. Ataona jina hili: tenofovir, miligramu 300. Hiyo ndiyo kazi ya Holý. Akimeza kila siku na kipimo kikaonyesha virusi havionekani kwenye damu, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono, na mama anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto akawa salama. Aendelee kupima figo kama kliniki inavyomwelekeza, maana dawa hii nayo ina tahadhari zake. Na asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu hajaacha.

Imerudi hadi Mbeya

Dawa hii ilipata kazi ya pili. Watafiti waliokuwa wakifuatilia wenza 4,747 wa Kenya na Uganda, mmoja ana virusi na mwingine hana, walitoa matokeo. Wale wasio na virusi waliokuwa wakipewa tenofovir walipungukiwa na maambukizi kwa asilimia 67, na waliopewa tenofovir pamoja na emtricitabine kwa asilimia 75. Tarehe 16 Julai 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mchanganyiko huo utumike kama dawa kinga, ile tunayoisikia ikiitwa PrEP. Siku hiyo hiyo Antonín Holý alifariki Prague, akiwa na miaka 75.

Jirani zetu wa Mbeya walishiriki utafiti ulioitwa PrEPVacc, ulioanza Desemba 2020, pamoja na vituo vya Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban nchini Afrika Kusini. Ulijaribu chanjo mbili za VVU, na sambamba ukalinganisha dawa kinga ya zamani na mpya, zote mbili zikiwa na tenofovir. Novemba 2023 utoaji wa chanjo ulisimamishwa kwa sababu ilionekana hazitafanikiwa. Chanjo bado hatuna. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini waliojitolea mikono yao katika utafiti huo wamelisaidia taifa na dunia kujua njia ipi haifiki.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba vita imekwisha. Utafiti wa 2016 na 2017 uliikuta Iringa na asilimia 11.3. Sehemu ya namba hiyo ni habari njema, kwa sababu mtu aliye hai anahesabiwa, na wengi katika hao wangekuwa wameshazikwa kama isingekuwa dawa. Sehemu nyingine ni maambukizi mapya ya vijana wetu. Namba moja ina habari mbili, na tunapaswa kuzisikia zote.

Sisi tunajifunza nini

Tunajifunza kwanza kwamba kidonge hiki hakikuanzia katika jumba la matajiri. Kilianzia katika taasisi ya umma, katika nchi ndogo isiyo tajiri, kwa mtu aliyeachwa afanye kazi moja kwa muda mrefu. Taifa lake lililipa mshahara wake miaka mingi kabla ya kuona faida yoyote. Faida ilipokuja, mrabaha wa dawa hizo uliingia katika taasisi ile ile na kuendesha maabara kwa ajili ya vijana waliofuata. Anayepanda mti wa matunda anaelewa hesabu hiyo.

Tunajifunza pia kwamba hakuna aliyefika peke yake. Mkemia alimhitaji daktari wa Leuven. Daktari na mkemia waliihitaji kampuni. Kampuni ilifika kwa matajiri tu, mpaka Hamied, wanaharakati na serikali wakaivuta bei chini. Kisha wakahitajika wagonjwa wa Uganda na Kenya waliokubali kufuatiliwa, wauguzi wa CTC, na yule jirani anayempeleka mwenzake Hospitali ya Tosamaganga kwa pikipiki siku ya kliniki. Pete yoyote kati ya hizo ikikatika, mnyororo wote umekatika.

Na tunajifunza kwamba kemia si mali ya watu fulani. Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka mingi kuchunguza kemikali za mimea ya Tanzania, akitafuta zenye nguvu dhidi ya malaria. Kiwanda cha Luzira, Kampala, kilichofunguliwa 2007, kinatengeneza dawa za kufubaza hapa hapa Afrika Mashariki. Iringa mjini tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho kinafundisha walimu wa kemia. Kinachokosekana ni daraja kati ya mtoto wa shule ya kata na milango hiyo.

Wengi wenu mnakumbuka michango ya maabara ya mwaka 2014, pale ilipoagizwa kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara. Wazazi walisomba mawe na mchanga, wakachangia saruji, kuta zikasimama. Lakini kuta si maabara. Mtoto anayechora bureti ubaoni bila kuishika, anayekariri rangi ya litmasi bila kuiona ikigeuka, anafundishwa kemia kama sala ya lugha asiyoielewa. Holý alijifunza kwa vidole, na kemia ya usanisi haijifunzwi kwa namna nyingine.

Ndiyo sababu katika michango ya mwaka huu, pamoja na maji na madawati, chama chetu kimeweka vifaa vya maabara kwa sekondari za kwetu: bika, pipeti, bureti, mizani, majiko ya gesi, kemikali za mwaka mzima na kabati la kuzifungia. Si vitu vya kupigia picha. Bika itapasuka na itabidi inunuliwe nyingine, na kemikali zitakwisha kila muhula. Kwa hiyo tunaomba mchango wa kurudia kila mwaka, hata kama ni mdogo, kuliko kitu kikubwa cha mara moja. Ahadi zinapokelewa na mweka hazina, na hesabu zitasomwa mbele ya mkutano mkuu kama kawaida.

Hatuahidi kwamba Kalenga itatoa Holý. Tunachojua ni kwamba huenda yupo binti wa kidato cha pili anayepita njia ya Tosamaganga asubuhi hii na daftari mkononi, na kwamba alilelewa na mama ambaye yupo hai kwa sababu ya kaboni moja iliyoongezwa mahali pake. Binti huyo anastahili kuona kwa macho yake namna kaboni inavyoungana. Tumnunulie bika.